Filamu ya Sahani na Kichwa cha Mkwe

Wifi yangu anaitwa Mama Mistari, na jina hilo hakujipa mwenyewe, walimpa wateja. Akikugawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari unaanzia kwenye paji la uso unakwenda mpaka kisogoni bila kuyumba, utadhani umepigwa kwa rula. Mimi ni dada wa mumewe. Kazi yangu pale saluni ni kuosha vichwa, kukata rasta za kuunganishia nywele na kumwambia wifi ukweli. Kazi hii ya mwisho hailipwi, na hakuna anayenishukuru.

Saluni yetu ni chumba kimoja. Kuna viti viwili vya kusukia, benchi la kungojea ambalo mguu wake mmoja umewekewa kigae, kioo kirefu chenye ufa tuliouziba kwa stika ya ua, na televisheni juu ya kabati la taulo. Televisheni aliileta kaka yangu pamoja na deki, vyote mtumba, akasema wateja wakiburudika hawatasikia maumivu. Ndani ya deki kulikuwa na diski imekwama. Fundi alikuja na bisibisi, akapuliza, akagonga, akasema diski ikitolewa deki nayo inakufa.

"Lakini inacheza?" Mama Mistari akauliza.

"Kucheza inacheza, mama. Ila ni hiyo hiyo moja."

"Basi iache. Mbona mimi nina mume huyo huyo mmoja na ninaishi?"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia viatu vyake.

Ndivyo tulivyoipata Filamu ya Sahani. Jina lake halisi hatulijui, maana mwanzo wake umekwaruzika. Ni filamu ya zamani ya kuchekesha, rangi zimepauka mpaka nyama inafanana na sabuni. Imetafsiriwa na mtu mmoja anayewasemea wote, babu, bibi, mchumba na mbwa, na siku aliyoifanya kazi hiyo alikuwa na mafua. Kijana anakwenda ugenini kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Kwao huyo kijana, mgeni akibakiza chakula amemtukana mpishi. Kwa wenyeji wake, sahani ikiwa tupu maana yake mgeni hajashiba, na hiyo ni aibu ya nyumba nzima. Basi kijana anamaliza, wao wanaongeza. Anamaliza, wanaongeza. Analegeza mkanda. Anaficha mnofu ndani ya kofia ya babu. Huko jikoni mpishi analia, anatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuomba masufuria ya majirani. Mwishowe kijana anasimama, jasho linamtiririka, anafungua mdomo kusema neno, na hapo hapo picha inaganda. Diski ina mkwaruzo. Mdomo wa yule kijana umebaki wazi pale kwetu miaka na miaka.

Mnaweza kufikiri hilo ni balaa. Kwa saluni ilikuwa ni baraka, kwa sababu kila mteja aliondoka na maoni yake na akarudi kuyatetea. Muuza nyanya alishikilia kwamba kijana alisema, "Nimeshiba," basi, yakaisha. Askari mmoja wa kike, mwenye nywele ngumu na msimamo mgumu zaidi, alisema hapana, mtu aliyekula kiasi kile hana maneno mengine isipokuwa kuuliza choo kiko wapi. Mwalimu wa shule ya jirani alisema alitoa hotuba ya shukrani. Mkunga akasema hakutoa hotuba, alitapika, na kama hakutapika basi alilazwa. Kuna msichana alikuja kusukwa kwa ajili ya harusi yake, akasema kijana alitamka kwamba ndoa haitaki tena, kisha akalia pale pale kitini mpaka ikabidi tumpe taulo. Mimi nilikuwa upande wa mpishi. Mpaka leo niko upande wa mpishi. Katika filamu nzima yeye peke yake ndiye anayefanya kazi, na hakuna aliyeuliza yeye amekula nini.

Mama Mistari alikuwa na maoni ya aina moja, na hakuwahi kuyabadilisha hata kwa nusu. "Kosa ni la mgeni," alikuwa akisema, ncha ya kitana ikiwa hewani. "Kuuliza si ujinga, na kusema si matusi. Ana mdomo wa kula, wa kusemea kauacha kwao?"

Ukimwambia kwamba kijana alinyamaza kwa heshima, anacheka. Heshima gani ya kupasuka tumbo?

Kazi yake aliifanya kwa kuifuata ile filamu. Mtu akicheka, kichwa kinaruka, na kichwa kikiruka mstari unapinda, kitu ambacho Mama Mistari alikiogopa kuliko wezi. Kwa hiyo alizijua sehemu zote za kicheko. Mkono wa kijana ukielekea kwenye mkanda tu, yeye huinua mikono yake juu kama mtu aliyewekwa chini ya ulinzi, anangoja mteja acheke, ajifute machozi, atulie, ndipo anaishusha na kuendelea. Wateja wapya walidhani ana maono.

Na kwa kicheko hicho hicho aliwapima watu. Ukicheka kijana anapoteseka, una roho ngumu lakini utafika mbali. Ukicheka mpishi anapokimbia, wewe si wa kukopeshwa sufuria. Ukicheka kofia ya babu inapodondosha mnofu, wewe ni mtu mwema, karibu hata nyumbani. Kuna binti alikuja kuomba kazi, akaitazama filamu nzima bila kucheka hata kidogo, na Mama Mistari akamnyima kazi. Nikamuuliza kwa nini, kwani mikono ya binti ilikuwa mizuri. "Wifi," akaniambia, "mtu asiyecheka ana kitu moyoni. Kimya kingi kina mshindo mkubwa."

Kuna jambo lingine la kazi yetu lazima nilieleze. Pale kwetu hakuna anayeumia kimya. Msusi akivuta, mteja anapiga kelele: "Polepole, mama we, utaning'oa!" Ndipo msusi analegeza. Asiyepiga kelele anataka akazwe zaidi, msuko udumu, rafiki zake waone wivu. Hakuna aliyetufundisha hivyo, ndivyo tulivyokuta. Mteja akinyamaza, mkono unaongeza. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia Mama Mistari akimuuliza mtu kama anaumia. Amuulizie nini, na mdomo anao?

Basi.

Kaka na wifi wana mtoto mmoja tu, binti, mpima ardhi. Ndiye tuliyemlea sote, na mimi shangazi yake nimemfuta kamasi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Siku moja alikuja saluni, akavua miwani yake ya jua, akakaa kwenye benchi upande wenye kigae, nikajua kuna neno. Alikuwa amepata mchumba, mpimaji mwenzake, kijana mtaratibu kutoka mbali sana. Kwao ukipanda basi alfajiri unafika jua limezama. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama mjane.

"Mama yake anakuja," binti akasema. "Anakuja peke yake kutuona kabla wazee hawajakutana. Mama, nisikilize vizuri. Mchumba wangu hajawahi kufanya jambo ambalo mama yake hakulibariki. Huyo mama akiondoka hapa na kinyongo, mimi sina ndoa."

"Kinyongo kitoke wapi?" Mama Mistari akauliza. "Nyumba safi, chakula kipo, baba yako haongei."

"Filamu."

Sote tukaitazama televisheni. Kijana alikuwa amefungua mdomo.

"Mama, hiyo ni filamu ya mkwe anayechekwa ugenini. Utamwonyeshaje mkwe, tena ugenini? Atasema tunamsimanga. Niapie hutaiwasha."

Mama Mistari akaapa. Na kwa haki yake, hakuiwasha.

Mgeni alifika, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyong'aa hata baada ya vumbi la safari. Alimshika Mama Mistari mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja. "Ndiyo mikono yenyewe hii?" akasema. "Mkwe wangu mtarajiwa hachoki kuisifu. Kabla sijarudi kwangu, naomba unisuke."

Wifi alivimba kwa furaha mpaka nikaogopa vifungo. Hakuna njia nzuri zaidi ya kuingia moyoni mwake. Kesho yake asubuhi tukaenda naye saluni, sisi watatu na binti nyuma yetu akiomba dua kimyakimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Binti alipoona taa zimezima alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mgeni akakaa kitini, mgongo umenyooka, mikono magotini. Wateja kwenye benchi walikuwa muuza nyanya na yule askari, ambao hawakuwa na miadi yoyote. Walikuja kumwona mkwe. Mama Mistari akachora mstari wa kwanza. Ulikuwa mzuri kuliko mistari yake yote, mimi ni shahidi. Akaanza kusuka. Akavuta. Mgeni hakusema kitu.

Akavuta zaidi kidogo. Kimya.

"Ana kichwa kigumu, huyu anajua vitu vizuri," Mama Mistari akaninong'oneza kwa kiburi, na mkono ukaongeza.

Ndipo umeme uliporudi. Deki yetu ina tabia: umeme ukirudi inajiwasha yenyewe na kuanza mwanzo. Sauti ya mafua ikajaa chumbani. "Karibu, mgeni wetu, karibu sana mezani."

Binti alitoa mlio mdogo. Mimi nikarukia rimoti, lakini rimoti yetu haijawahi kuwa na betri, ipo kwa ajili ya heshima tu. Swichi ya ukutani iko nyuma ya kabati la taulo, na kabati hilo halisogezwi na mtu mmoja. Nikafanya nilichoweza: nikasimama mbele ya televisheni na kujipanua, na Mungu hakuninyima upana.

"Samahani, dada yangu," mgeni akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Sogea kidogo, naona nusu."

Ningefanyaje? Nikasogea.

Filamu ikaendelea, sahani ikajaa, sahani ikaisha. Mkono wa kijana ukaenda kwenye mkanda. Kwa mazoea Mama Mistari akainua mikono juu. Muuza nyanya akaangua kicheko, kisha akakumbuka yuko na nani, akakimeza na kukohoa. Mgeni hakucheka. Mama Mistari alingoja, mikono hewani. Mgeni hata mdomo hakuutikisa. Mikono ikashuka polepole.

Sasa niwaambie kitu kuhusu wifi yangu: akiogopa, mikono yake inakaza. Hajui kama inakaza. Kadiri mgeni alivyokosa kucheka ndivyo yeye alivyoogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyovuta, na kadiri alivyovuta ndivyo mgeni alivyozidi kuwa kimya. Ikaja sehemu ya mpishi. Kimya. Ikaja kofia ya babu, mnofu ukadondoka kwenye mapaja ya bibi, yule askari akatoka nje mbio akaenda kucheka barabarani, tukamsikia. Nikamwangalia mgeni kwenye kioo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Yalishuka taratibu kwenye mashavu yote mawili, na yeye hakuyafuta.

"Wifi," Mama Mistari akaninong'oneza, uso umempauka, "nimeivunja ndoa ya mwanangu."

Picha ikaganda. Kijana akabaki mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya saluni ile hakuna aliyetoa maoni.

Msuko ulipokwisha mgeni alijitazama kioo. Ulikuwa msuko wa kutundikwa ukutani. Nyusi zake zilikuwa zimepanda, na macho yamekuwa makubwa, kama ya mtu aliyepewa habari muda huo huo na hajaamua kama ni njema. "Nzuri sana," akasema bila kusogeza midomo. "Asante, mkwe."

Chakula cha mchana kilikuwa nyumbani. Kaka alivaa shati la mikono mirefu. Mama Mistari alikuwa amepika tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na mezani hapakuwa na nafasi ya kuweka kiwiko. Mgeni alichukua kijiko, akatia mdomoni, akatafuna mara moja, akasita. Akatafuna tena polepole sana, akiangalia mbali. Akameza. Akaweka kijiko chini.

"Chakula kizuri," akasema. "Ila naomba nikajinyooshe kidogo. Ni uchovu wa safari."

Akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Sahani yake ilibaki imejaa mezani. Binti akakimbilia jikoni, tukamsikia analia juu ya karai la vyombo. Kaka, ambaye haongei, akaongea. "Hata nyama hakugusa," akasema, na bila shaka ingekuwa bora angeendelea kunyamaza.

Mama Mistari alikaa akiitazama ile sahani. Sijawahi kumwona vile, na mimi na yeye tumezika watu pamoja. Mwanamke anayebishana na askari kuhusu choo cha mtu wa kwenye filamu, amenywea kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Nilikuwa na utani tayari mdomoni na nikaurudisha. Nilimpenda sana saa ile, na nilimwonea huruma mpaka nikakosa pa kuiweka mikono.

"Naenda kumwomba radhi," akasema. "Nitamwambia nitaitupa deki. Nitaivunja mbele yake."

Akainuka. Nikamfuata na chai. Mtu anayekwenda kuomba radhi asiende mikono mitupu, na pia nilitaka kusikia.

Alibisha mlango, akaitikiwa, akaingia. Mgeni alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka vile vile, macho wazi kabisa.

"Nilidhani umelala, mkwe."

"Nimejaribu," mgeni akasema. "Hayafungi."

"Nini hayafungi?"

"Macho."

Mama Mistari hakusikia, au alisikia na hakuelewa, kwa sababu hotuba ilishampanda kooni na ilikuwa lazima itoke. Alipiga magoti. Akasema kwamba filamu ile haikuwashwa na mtu, iliwashwa na umeme; kwamba hakuna aliyekusudia kumcheka mgeni; kwamba binti hana hatia, na kama kuna kinyongo basi kimwangukie yeye, msusi mjinga, lakini mtoto aachwe aolewe. Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Chai ilikuwa inanimwagikia kwenye kidole na sikujali.

Mgeni akamtazama kwa yale macho makubwa. "Filamu? Mwenzangu, mimi hiyo filamu naipenda tangu usichana."

"Mbona hukucheka?"

"Nitacheka vipi? Nikitabasamu tu, kisogo kinawaka moto."

"Na machozi?"

"Ya maumivu, mama."

"Na chakula?"

"Nikitafuna, nasikia hapa." Akagusa kipanda uso kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayejaribu pasi ya nguo aone kama ina moto. "Harufu ya ile nyama imenifuata mpaka huku. Nina njaa mimi."

Nikamwona Mama Mistari anazihesabu moyoni zile mara alizovuta.

"Lakini kwa nini hukusema?" akafoka, bado yuko magotini. Wifi yangu anaweza kufoka katika mkao wowote. "Una mdomo! Ungesema polepole, ningelegeza!"

"Nililelewa na mama mkali," mgeni akasema. "Alitufundisha mtu akikushika kichwa usilalamike mpaka amalize. Ukisema unaumia umemwambia mkono wake mbaya. Nije kutafuta undugu, halafu neno la kwanza niulaumu mkono wa mkwe wangu? Nikasema navumilia. Na kila nilipovumilia ukaongeza. Nikajiuliza, huyu mama nimemkosea nini?"

"Mimi nilidhani unataka ukazwe!"

"Nani anataka vile?"

"Kuuliza si ujinga, mkwe! Ungesema!"

"Ni kweli, kuuliza si ujinga," mgeni akasema kwa upole, "na mbona hukuniuliza? Kioo kilikuwa mbele yetu, na machozi yangu yanatiririka. Mwenye macho haambiwi tazama."

Nimemjua Mama Mistari tangu alipoolewa kwetu, na sijawahi kumwona akikosa jibu. Alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimtazama vile alivyo, jasho usoni, mdomo wazi, picha imeganda, nikaanza kucheka. Nilijaribu kujizuia nikashindwa, chai yote ikamwagika. Mgeni akanitazama, akamtazama wifi, akaelewa ninacheka nini. Mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kikampanda, kikafika kwenye mashavu, na mashavu yakavuta msuko.

"Aii! Mama we! Aii!"

Huo ulikuwa mlio wake wa kwanza tangu alipokaa kwenye kiti chetu. Mama Mistari akaruka kutoka magotini kama aliyeitwa kazini. Akakaa kitandani, akamvuta mgeni kichwa akakilaza mapajani mwake, akaanza kufumua. Yeye ambaye hajawahi kufumua kazi yake siku hiyo hiyo, hata kwa kulipwa, alifumua msuko mzuri kuliko yote aliyowahi kusuka, mstari mmoja baada ya mwingine. Na kila alipogusa mpya aliuliza, "Hapa panauma?" Mgeni alisema panauma. "Na hapa?" Hapo pia. Walikwenda hivyo mpaka kisogoni, na nyusi za mgeni zikashuka kidogo kidogo zikarudi mahali pake.

"Hivi, mkwe," Mama Mistari akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anajali sana, "wewe umesema filamu unaijua tangu usichana. Diski yetu mwisho wake umeharibika. Yule kijana alisimama akasema nini?"

Nikasogea karibu. Muuza nyanya angeuza gari lake la nyanya kwa nafasi yangu ile.

"Hakusema kitu," mgeni akajibu, macho yameanza kufumba. "Alifungua mdomo akashindwa. Bibi wa ile nyumba ndiye aliyemtazama usoni, akamwondolea sahani."

Vidole vya Mama Mistari vilisimama ndani ya nywele za mwenzake. Kisha akaendelea kufumua. Mpaka leo sijui kama yule mama aliuona mwisho huo kweli au aliutunga pale pale kitandani. Sikumuuliza, na nyinyi msiniulize. Nilipotoka nilimkuta binti ukumbini, macho mekundu, nikamwambia apashe nyama moto, mkwe wake atakula akiamka. Na alikula. Aliongezwa, akala, akaongezwa, na safari hii Mama Mistari alikuwa anamtazama usoni zaidi ya alivyoitazama sahani.

Wateja wetu hawakuupokea mwisho mpya kwa mikono miwili. Askari alisema huo si ushahidi, ni maneno ya mtu mmoja, na bado anaamini choo. Mwalimu alikata tamaa na hotuba yake. Lakini jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba Mama Mistari sasa anauliza. Anasuka, anatupa jicho kwenye kioo, anauliza, "Inauma?" Baadhi ya wateja wanachukia. "Kwani nimelia?" wanasema. "Ikiniuma nitapiga kelele, hunijui?" Anawajibu kwamba anawajua, ila anauliza tu.

Harusi ilifanyika. Wageni walikuja na basi zima, na asubuhi ya siku hiyo yule mama alikaa tena kwenye kiti chetu, mgongo umenyooka, mikono magotini, vile vile. Mimi na binti tulitazamana. Mama Mistari alichora mstari wa kwanza taratibu, pumzi ameibana, akashika nywele, na kabla hata hajavuta vizuri, sauti ikapasuka chumba kizima.

"Polepole, mama we, utaning'oa!"

Kichwa kikaruka. Mstari ukapinda katikati ya utosi, ukaenda kushoto kama njia ya kisimani. Nikangoja wifi afute aanze upya, maana kwa mstari kama ule amewahi kumrudisha mteja aliyekuwa ameshafika nyumbani. Hakufuta. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mafuta, akacheka, akaendelea kusuka kuufuata ule mstari ulivyokwenda.

Kwenye ukumbi wa harusi watu waliuona. Mwanamke mmoja wa upande wao alimvuta Mama Mistari pembeni akamuuliza nani amemsuka mama wa bwana harusi, na mbona mstari umepinda siku ya leo.

"Nimemsuka mimi," wifi yangu akasema. "Alipiga kelele."

Na akalisema hilo kwa kujivunia, mpaka yule mwanamke akaondoka bila kuelewa kitu.